Nimepewa usupavaiza, vibarua wanabadilika kila siku: mafunzo ya usalama nayafanyaje yawe ya kweli?

Supavaiza_Mpya

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho maana ni ndefu na nimeibeba moyoni wiki ya pili sasa.

Niko kiwanda cha mafuta ya kula hapa Dar. Nilikuwa fundi wa pampu miaka sita, mwaka huu nikapandishwa kuwa supavaiza wa shifti ya mchana. Kupandishwa kwenyewe ni kuitwa ofisini nikapewa helmeti nyeupe na redio ya mkononi, basi, kesho yake nikaanza kusimamia. Hakuna aliyenikalisha chini kuniambia sasa hivi maisha ya hawa watu yako mikononi mwako na unayalinda hivi na hivi. Nina mafundi wa kudumu tisa, na vibarua wanaochukuliwa getini saa moja asubuhi, siku nyingine 12 siku nyingine 20, leo huyu kesho yule.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunasafisha tanki la mawese lililokaa limefungwa kama miezi miwili. Nikamtuma kijana mmoja aingie na beleshi na ndoo atoe tope la chini. Nimeandika "nikamtuma", sitaki kuficha. Hazikupita dakika tano tukasikia ndoo imeanguka. Mwenzake aliyekuwa mlangoni akamwita, kimya, akachungulia akamuona kalala, hapo hapo akaanza kuingiza mguu amfuate. Kama si mzee mmoja wa kuchomelea kumdaka shati kwa nyuma na kumpigia kelele "unaenda kufa na wewe!" leo ningekuwa naandika habari ya misiba miwili. Kijana alikuwa ameangukia karibu na mlango, tukamnasa mkanda wa suruali kwa ndoano ndefu tunayovutia mabomba, tukamtoa. Kalazwa siku tatu, mzima, namshukuru Mungu.

Kilichonikosesha usingizi ni kesho yake. Ofisi wakaomba fomu ya mafunzo ya siku ile, nikaitoa. Jina la kijana lipo, saini yake ipo, na mahali pa mkufunzi saini ni yangu. Fomu inasema amefundishwa hatari za kazi na amezielewa. Wakati ukweli ni kwamba asubuhi pale getini karatasi ilipita mkono kwa mkono watu wakasaini wamesimama, na nimekuja kujua yule kijana kusoma kwenyewe hajui.

Maswali yangu: hawa watu wa siku moja unawafundishaje kwa dakika 20 au 30 ulizonazo ili waelewe kweli? Na mimi mwenyewe kama supavaiza natakiwa niwe nimefundishwa nini? Na meneja akisema lori linasubiri mzigo, unasimama vipi?

---

MamaSefti_Mza

Pole sana mdogo wangu, na asante kwa kuandika ulivyoandika, wengi wakishatoka salama kwenye tukio kama hilo wanalifunga kabatini pamoja na fomu.

Mimi ni sefti ofisa mwaka wa 14 sasa, nimeanzia viwanda vya samaki huku Mwanza. Nikujibu kwa kuanzia swali lako la pili maana ndo lenye mzizi. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri awape watu taarifa, mafunzo na usimamizi, na sehemu yenye wafanyakazi zaidi ya wanne inatakiwa iwe na mwakilishi wa usalama aliyeteuliwa kwa maandishi. Waulize ofisini wa shifti yako ni nani. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wenyewe wanaendesha kozi, za wawakilishi wa usalama, za huduma ya kwanza kazini, za kufanya kazi kwenye maeneo ya juu, mwajiri ndiye anayelipia. Wewe ulitakiwa upelekwe KABLA ya kupewa hiyo helmeti nyeupe. Fundi mzuri wa pampu si lazima ajue kwamba tanki tupu linaua, na hilo si kosa lako peke yako.

Sasa ujue nini kilimwangusha. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 mtu haruhusiwi kuingia, na ikiendelea kushuka anaanguka bila onyo, hasikii harufu, hakohoi, miguu inakatika tu. Tanki la chuma likifungwa muda mrefu kutu inakula oksijeni iliyomo, ndiyo, kutu hii hii ya kawaida, na mabaki ya mafuta yakioza nayo yanaila. Kwahiyo tanki halikuwa na "sumu" ambayo watu wanaitafuta kwa pua, huenda lilikuwa halina hewa ya kutosha tu. Shimo la majitaka nalo lina lake, ile gesi ya harufu ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, ni nzito kuliko hewa inakaa chini, na ubaya wake mkubwa ni kwamba ikizidi inaua pua kwanza, unaacha kuisikia, unadhani imeisha kumbe ndo imejaa. Na msije mkashusha mshumaa wala koroboi kama wachimba visima wa zamani, pakiwa na mvuke wa kuwaka utalipuka, na hiyo gesi ya mayai viza mshumaa hauwezi kukuonyesha.

Kuhusu yule wa pili aliyetaka kumfuata mwenzie, taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, mwaka 1986 walitoa tahadhari kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye sehemu zilizofungwa ni waliokwenda kuokoa. Zaidi ya nusu! Wanakufa kwa upendo, mtu anamuona ndugu yake kalala hawezi kukaa. Kwahiyo huwezi kumwambia tu "usiingie", moyo wake utamkatalia. Lazima umpe kitu kingine cha kufanya na mikono yake: kupiga kelele, kuvuta kamba, kuwasha blowa (feni ya kupuliza hewa ndani).

Nakuja kwenye dakika zako 20. Acha getini, acha karatasi, wapeleke watu PALE PALE kazi ilipo. Mimi nafanyaga hivi, nachukua gunia la mchanga la kilo 70 nalishusha kwenye shimo lenye mlango wa juu (shimo lililopimwa na halina kitu, sio lenye gesi), limefungwa kamba, nawaambia vijana wawili wenye nguvu kuliko wote mtoeni huyo ni mwenzenu amezimia. Wanavuta, gunia linajikwama kwenye mdomo wa shimo, wanavuta, jasho linawatoka, halitoki. Nawahesabia kwa saa, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikifika ya nne nawaambia basi, ubongo umeshaanza kuharibika kwa kukosa oksijeni. Hapo sihitaji maneno tena. Nimefanya zoezi hili na watu wasiojua kusoma, na watu wa Kisukuma ambao Kiswahili chao cha tabu, wote wanaelewa. Ndipo unawaonyesha winchi na mguu-tatu unaosimama juu ya shimo, na ule mkanda wa mwili mzima anaovaa anayeingia kamba ikiwa tayari imefungwa mgongoni.

Na usiulize "mmeelewa?" Hakuna kibarua duniani atakujibu hapana mbele ya watu. Mwambie mmoja, wewe, nionyeshe mwenzio akianguka humo utafanya nini. Akikosea rudia naye taratibu. Akikosea tena, huyo leo anafanya kazi ya nje.

---

Supavaiza_Mpya

Mama asante sana, nimesoma mara tatu. Hilo la kutu kula oksijeni sikulijua kabisa na mimi nimekaa na matanki miaka sita.

Kipima gesi kipo kimoja kiwanda kizima, kinakaa ofisi ya matengenezo kabatini, nimekiuliza leo nikaambiwa hakijakalibretiwa (kuhakikiwa kama kinapima sawasawa) muda mrefu. Winchi hatuna. Shimo la majitaka la kuingilia juu tunalo, na linasafishwa mwezi ujao.

---

Kijana_wa_Doha

Salaam wakuu. Mimi ni Mtanzania niko Qatar, kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kukaa mlangoni mwa tanki. Ndiyo, hiyo ni kazi kamili inayojitegemea, nilifundishwa siku mbili nikapewa mtihani na kadi yenye picha ndo nikaruhusiwa kukaa. Nilidhani wananionea, nimetoka bongo na cheti cha VETA cha uchomeleaji halafu naambiwa kaa kwenye kiti chunga mlango. Baadae nikaelewa.

Unakuwa na daftari, anayeingia unaandika jina na saa, anayetoka unaandika saa, kadi yake unaining'iniza kwenye ubao wako, kwahiyo muda wowote ukiulizwa ndani wako wangapi unahesabu kadi. Unaongea nao kila baada ya muda kidogo. Kipima gesi kinalia? Wote nje, huulizi mtu. Na huondoki. Hata kuswali hutoki mpaka aje mwenzio mwenye kadi kama yako, mkabidhiane daftari mkononi na majina yakisomwa kwa sauti. Na jambo la kwanza kwenye mtihani ndo hilo la mama hapo juu, mtu akianguka wewe mlinzi wa mlango UNAFANYA NINI, ukijibu naingia kumuokoa umefeli, unarudia kozi.

Mkufunzi wetu alikuwa mzee wa Kifilipino, alitusimulia habari ya jukwaa la mafuta la Piper Alpha kule Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, watu 167 walikufa. Pampu moja ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, mahali pa vali wakafunika kwa muda. Pemiti, yaani kibali cha maandishi cha hiyo kazi, ilikuwepo imeandikwa vizuri, ila shifti ya usiku hawakuiona, pampu nyingine ikagoma wakawasha ile isiyo na vali. Ndo ikawa. Alituambia pemiti ilikuwepo!! Karatasi ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu kumwambia mtu. Tangu siku hiyo kukabidhiana shifti kwangu mimi ni kwa mdomo, tumesimama mbele ya mashine yenyewe, nakuonyesha kwa kidole hii imefunguliwa hii imefungwa kufuli langu.

Supavaiza, hata kama kiwanda hakina hela ya kozi, kiti kimoja, daftari moja na mtu mmoja asiye na kazi nyingine mnaweza kuanza navyo kesho. Ila kipima gesi kiwe kimekalibretiwa kwanza, bila hicho mtu asiingie hata kwa daftari kumi.

---

Mjengo_Nai

Niko Nairobi, kazi ya mjengo miaka mingi, nimekuwa mtu wa mkono, nikawa fundi, sahii ni foreman. Nakubaliana na wenzangu lakini kuna kitu naona hamjaguza.

Hapa kwetu sheria iko, ile Occupational Safety and Health Act ya 2007. Mahali pako na wafanyikazi 20 na kuenda juu lazima kuwe na kamati ya usalama, na kuna kifungu cha 14 kinasema mfanyikazi akiona hatari iliyo karibu amwambie msimamizi wake, na mwenye kazi hawezi kumrudisha hapo mpaka irekebishwe. Iko sawa kabisa kwa karatasi. Lakini uliza mtu wa mkono aliyekuja kusimama getini saa kumi na mbili asubuhi na ameacha watoto bila unga, atakataa kupanda skafoldi (jukwaa la mjengo)? Akikataa hafutwi, hapana, kesho tu jina lake haliitwi. Hakuna wa kulalamikia juu hakuna aliyemfuta. Nimeona hiyo kitu mara nyingi mpaka ikaniuma, na nikiwa foreman mpya nilishawahi kuifanya mimi mwenyewe kwa kijana fulani na sikujua nilikuwa nafanya nini mpaka nikakutana naye stage Kayole ananiuliza, boss nilikukosea wapi?

Kwa hivyo mafunzo ya msimamizi kwangu yanaanza hapo. Huyu aliyekataa leo, kesho jina lake liite la KWANZA, mbele ya wote. Ukifanya hivyo mara mbili tu, wengine wataanza kukuambia ukweli, huyu kamba imekatika boss, hii mbao imeoza boss. Usipofanya, wafundishe hata mwezi mzima, watanyamaza.

Na ya meneja na lori. Usibishane naye wakati lori liko hapo. Mwendee siku hakuna presha, mwambie nataka tukubaliane kwa maandishi ni kazi gani hazifanyiki bila kibali, na ni nani anaweza kusimamisha. Akishaweka sahihi yake hapo, siku ya lori hamzozani tena, mnaangalia karatasi.

---

MamaSefti_Mza

Mjengo umenigusa, na mimi nilipita hapo juu juu. Nikuongezee Supavaiza kwenye hilo la meneja, hesabu ya pesa nayo wanaielewa, ila ianze na tukio lenyewe: ajali hii imeripotiwa WCF? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi kitu. Huyo kijana alilazwa, matibabu yake na siku alizokosa kazi zina utaratibu wake, na taarifa inatakiwa ipelekwe mapema, si kusubiri miezi ipite. Nimeona kesi nyingi ambapo mtu kapewa elfu hamsini mkononi akaambiwa pumzika nyumbani, mwaka unapita kifua kinamsumbua hana pa kwenda kwa sababu hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba aliumia kazini. Fuatilia hilo kesho asubuhi kabla ya mafunzo yoyote.

---

Kibarua_Getini

Mimi naandika kwa simu mnisamehe. Sio supavaiza wala sefti mi ni kibarua, nimesafisha matanki, mashimo, nimebeba simenti bandarini.

Mnauliza kwanini tunasaini bila kusoma. Tunasaini kwa sababu geti linafungwa. Ukisimama kusoma aliye nyuma yako anapita. Na kwanini tunaingia kwenye tanki, kwa sababu siku ya kawaida ni elfu nane na ya tanki wanakupa kumi na tano. Hamna anaeambiwa hiyo saba ya juu ni ya nini. Sisi tunajua ni kwa sababu ya uchafu. Siku ya kwanza kusikia kwamba kule ndani hewa inaweza kuisha ni leo hapa naposoma na nimeingia si chini ya mara kumi. Nimekaa kimya kidogo baada ya kusoma.

Msimamizi mmoja tu nakumbuka alikuwa tofauti, mmama mmoja wa kiwanda cha vinywaji. Alikuwa anatuuliza jina, anauliza umekula? Asiyekula hamuingizi. Anakushika bega anakwambia mimi nitakuwa hapa mlangoni mpaka utoke siendi popote, ukisikia kizunguzungu hata kidogo toka sitakukata hela. Hilo la sitakukata hela ndo lililonifanya siku moja nitoke. Nilikuwa nimeanza kuona giza. Kwa mwingine nisingetoka, ningejikaza nimalize.

Kwahiyo ndugu supavaiza tuambie mapema, utakuwa wapi sisi tukiwa ndani, na tukitoka hela ipo.

---

Supavaiza_Mpya

Wakuu nimerudi baada ya siku tisa, samahani kwa ukimya, nilitaka nirudi na kitu nilichofanya.

Kibarua_Getini, maneno yako niliyasoma kwa sauti kwenye kikao cha wakuu wa vitengo, bila kusema nimeyatoa wapi. Kulikuwa na ukimya. Malipo ya tanki sasa yanalipwa hata mtu akitoka katikati, mhasibu amekubali na imebandikwa getini kwa maandishi makubwa, na asubuhi tunaisoma kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma.

Ripoti ya WCF imepelekwa. Nilikuta haikuwa imepelekwa, kama mama alivyohisi.

Zoezi la gunia tumelifanya Jumatatu na Alhamisi. Shimo la majitaka lina maji kwahiyo tulitumia shimo la zamani la mizani ya malori, liko wazi halina kitu, tukatengeneza mdomo kwa pipa lililokatwa. Jumatatu walivuta wanne badala ya wawili, gunia likatoka dakika ya sita. Mmoja wa wanne hao alikuwa yule aliyetaka kumfuata mwenzake tankini. Alikaa pembeni akajishika kichwa, sikumwambia neno, yule mzee wa kuchomelea akaenda kukaa nae. Huyo mzee nimemuomba awe ndo anayeongea asubuhi badala yangu, dakika kumi, pale pale kazi ilipo, kwa sababu anasikilizwa kuliko mimi na alijua jambo ambalo mimi na helmeti yangu sikulijua. Nilimuuliza alilijulia wapi, akaniambia kaka yake alifia kisimani Handeni mwaka 1994, na aliyemfuata pia.

Fomu ya zamani nimeiacha ofisini. Mpya ina majina na safu moja tu ya "ameonyesha", anaitia tiki mzee akishaona kwa macho yake.

Na meneja. Nilifanya kama Mjengo alivyoshauri, nikamfuata Jumamosi hakuna lori. Tulikubaliana kazi tatu hazianzi bila kibali: kuingia tanki au shimo, kuchomelea karibu na mafuta, na kupanda juu ya paa. Kaweka saini. Kipima gesi kimepelekwa kukalibretiwa. Winchi na mguu-tatu vimeombewa bei, na mpaka vije matanki yote matano yamefungwa kufuli, Kijana wa Doha nimeiga kwako. Jana lori lilikuja, dereva akasubiri, meneja akanipigia simu akauliza kufuli litafunguliwa lini, nikamwambia winchi ikifika. Akakaa kimya, akasema sawa.

Yule kijana amerudi kazini tangu juzi, hayuko kwenye matanki, yuko na mimi kwenye pampu, na jioni namfundisha kusoma lebo. Kama kuna mtu anajua hapa Dar au Tanga ni wapi wanauza mguu-tatu wenye winchi iliyopimwa uzito kweli, sio ya kuungaunga gereji, naomba aniandikie.